Aondoaye Chombo Adaiwa Nini?

Je, ni haki mtu kuwaondolea wenzake chombo alichowapa, hali wamekwisha kukitegemea? Swali hili ni la kale, la mwenye kisima na mwenye kivuko. Siku hizi limeingia hata ndani ya kompyuta, na sisi wazazi wenye watoto shuleni latuhusu.

Ilikuwako programu iitwayo Flash, iliyoanza mwaka 1996. Ilichomekwa ndani ya kivinjari, yaani programu ile ya kufungulia kurasa za intaneti, ikazipa kurasa hizo sauti, michezo na picha zitembeazo. Lakini ilikuwa na matundu mengi, na wezi waliyapitia kuingia katika kompyuta za watu. Julai 2017 kampuni ya Adobe, mwenye mali, ilitangaza kwamba itaiacha mwisho wa 2020. Ikawa hivyo: tangu tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ilikataa kuonyesha chochote, na mwezi uo huo Chrome na Firefox ziliitupa nje kabisa.

Kwamba ilistahili kuondolewa, hatuna shaka. Lakini wako wasemao kuwa onyo la miaka 3 lilimaliza deni lote. Hapo hatukubali, kwani onyo humfaa aliyelisikia na mwenye uwezo wa kuhama. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, yenye mafundi na fedha, ilikutwa fomu zake kadhaa zingali zikiitegemea Flash, ikalazimika Januari 2021 kutoa kivinjari chake yenyewe ili walipa kodi wazijaze. Basi tutarajie nini kwa mwalimu wa sekondari aliye Makongolosi, wilayani Chunya, mwenye kompyuta kuukuu? Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kilianza mwaka 2002 kutoa bure majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, yaitwayo PhET, na baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili. Ya kwanza yalijengwa kwa Java na Flash. Ilibidi kuyaandika upya, moja moja, kwa lugha ambayo kivinjari huielewa pasipo kuchomekewa kitu, kazi ya miaka mingi. Chuo kikuu kiliweza. Mwalimu aliyejitungia masomo yake peke yake atawezaje?

Makongolosi ni nchi ya dhahabu. Wachimbaji wadogo huinasa kwa zebaki, nayo ni sumu kwa aichomaye na kwa watoto walio karibu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, ambao Tanzania imeuridhia, wataka matumizi hayo yapunguzwe, na iwezekanapo yakomeshwe. Lakini mkataba huo hausemi "acheni" tu: wazitaka serikali ziwe na mpango wa kumwonyesha mchimbaji njia nyingine. (Kama mpango huo watekelezwa vema, hilo ni shauri jingine.) Mambo hayo mawili hayalingani kwa uzito, maana zebaki huua; lakini haki ni ile ile, kwamba amwondoleaye mtu chombo cha hatari asimwache mikono mitupu.

Mtu atajibu: Flash ilitolewa bure, na aliyepewa bure hana la kudai. Kwa mtazamaji ilikuwa bure, naam. Lakini chombo cha kuitungia kiliuzwa, na watu walialikwa wajenge juu yake. Hatusemi kampuni idaiwe milele. Mwaka 2017 wako walioomba maandishi ya ndani ya programu hiyo yaachwe wazi kwa umma, ili wengine wayatunze. Hayakuachwa. Deni hilo dogo lilikuwa jepesi kulipa, nasi twaona lilistahili kulipwa.

Wamelipokea watu wa kujitolea, waliotengeneza Ruffle, programu ya bure iwezayo kuyafungua maandalizi ya Flash. Na tangu Novemba 2020 maktaba iitwayo Internet Archive yaitumia kuyahifadhi. Yaweza kunakiliwa na kupelekwa Makongolosi, ikafanya kazi hata pasipo mtandao. Masomo mengi ya zamani hufunguka kwayo, ingawa si yote.