Afya Iliyofungwa Kwenye Namba ya Kazi

Ndugu zangu wa Kolwezi, Fungurume na Lubudi, kisa hiki wengi wenu mlikiishi. Nakisimulia tena kwa sababu naona tunaelekea kuanguka palepale, na safari hii walio hatarini zaidi ni mama zetu na dada zetu.

Kwa miaka mingi familia ya mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, haikudaiwa pesa mlangoni pa hospitali. Baba alikuwa na namba ya kazi, mke na watoto waliandikwa chini yake, na namba hiyo ilitosha kwa posho, shule, uzazi na dawa. Watu walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alipotoa kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia hizo, alikiita kwa Kifaransa watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Utaratibu huo ulianzia kwa Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines, iliyoundwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae kambini na wake zao, ikafungua kliniki za wajawazito na watoto wachanga. Lakini hospitali ya Mwafrika ilikuwa kando na ya Mzungu, na mwanamke alihudumiwa kwa kuwa ni mke wa fulani. Miaka hiyohiyo mawe ya urani ya Shinkolobwe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako tangu 1922 yalitolewa radiamu. Radiamu hiyo ilitumika Ulaya kutibu saratani, pamoja na ile ya mlango wa kizazi. Ugonjwa huohuo ndio unaowaua wanawake wa Katanga leo, karne nzima baadaye. Mimi jambo hili linaniumiza kila ninapolifikiri.

Sasa tuje kwenye dalili za anguko la kampuni, maana zilikuwepo na tuliziona. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Mapato yalikamuliwa na utawala wa Mobutu, matengenezo yakaahirishwa mwaka baada ya mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapa hapa Kolwezi, ikaporomoka. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Mishahara ikachelewa mwezi, halafu miezi mingi. Hospitalini daktari alikuwepo ila dawa hazikuwepo. Bado watu waliendelea kungoja, kwa sababu baba hawezi kuwatupa wanawe. Hatimaye, miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walikubali kuondoka kwa hiari, kwa malipo yaliyotokana na fedha za Benki ya Dunia. Pamoja na kazi waliacha haki ya matibabu. Mke aliyekuwa na faili hospitalini kwa miaka 20 akawa mgeni kwenye hospitali ileile.

Madhara ya kupoteza haki hiyo hutegemea ugonjwa. Malaria huua kwa siku chache, hivyo pengo la dawa za malaria linaonekana mara moja. Saratani ya mlango wa kizazi haiendi hivyo. Virusi vya HPV huambukizwa kwa njia ya ngono, mara nyingi ujanani, na mwili wa wanawake wengi huvishinda. Pale vinapobaki, mabadiliko ya seli huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, au miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa. Muda wote huo mwanamke hasikii maumivu. Anayepaswa kumkumbuka ni kituo cha afya kitakachomwita, kimpime, kimwite tena. Kituo kinachomsahau siku mume anapopoteza kazi hakina faida kwa ugonjwa wa namna hii.

Ndipo zinapofuata dalili za mwilini, nazo hupuuzwa kwa namna ileile: damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi na hedhi, damu kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, uchafu wenye harufu. Mmoja husema ni uzee, mwingine anaona haya kumwambia muuguzi kijana, mwingine anatafuta aliyemroga. Na wengi hawana pesa, basi. Maumivu ya mgongo na mguu kuvimba vikija, mara nyingi ugonjwa umesambaa, na mgonjwa wa Kolwezi anayehitaji mionzi inambidi apange safari ya mbali ambayo wengi hawawezi kuilipia. Hata mimi ninayeandika haya, kama ingekuwa mwilini mwangu, sijui kama ningekwenda siku ya kwanza.

Leo namba ya Gécamines imegeuka baji ya kampuni za migodi za sasa. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa, wakisema asilimia 57 ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia kampuni za kati. Wengi wao walikuwa na matibabu haba au hawakuwa nayo kabisa, na baadhi walieleza ubaguzi wa rangi kazini. Chini yao kuna wachimbaji wa mikono na wake zao, ambao hawana baji yoyote. Hao ndio wanaokaa karibu zaidi na vumbi la migodi. Utafiti wa Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, uliwakuta wakazi wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, hasa watoto, na kobalti nyingi kwenye mkojo na damu, na watoto hao wakiwa na dalili za madhara kwenye DNA. Hiyo si saratani. Ila mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka metali ya kobalti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Tumeshaambiwa.

Tujihadhari pia na hesabu. Nchini Marekani iliaminika kwa muda mrefu kwamba tofauti ya vifo vya saratani ya mlango wa kizazi kati ya wanawake Weusi na Weupe ni ya wastani. Mwaka 2017 watafiti waliwaondoa kwenye hesabu wanawake waliokwisha kutolewa kizazi, na vifo vya Weusi vikaonekana kuwa 10.1 kwa kila wanawake 100,000, dhidi ya 4.7 kwa Weupe. Kampuni inayotupa takwimu za afya za wenye baji peke yao inatuficha vivyo hivyo, hata bila kukusudia.

Kipimo cha saratani hiyo si cha matajiri. Muuguzi aliyefunzwa hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, hutazama kama pana weupe, na mara nyingi anaweza kutibu palepale. Kipimo cha HPV ni bora zaidi kinapopatikana. Dada mwenye miaka 30 hadi 49 asingoje maumivu. Mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25. Shirika la Afya Duniani linataka kufikia 2030 wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na 45.

Fedha zipo. Sheria ya madini ya 2018 inaidai kila kampuni ya uchimbaji asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa serikali za mitaa. Katika chombo kinachosimamia ile asilimia 0.3 jamii ina wawakilishi wake. Tuwaendee kabla bajeti ijayo haijafungwa, tuwaulize kimetengwa kiasi gani kwa kupima wanawake wasio na mume mwenye baji, kituo gani kitatunza majina yao, na nani atawaita tena baada ya miaka mitano.