Majibu ya Mke Si Majibu ya Mume

Miongoni mwa wanaume wenye ndoa nchini Tanzania imejengeka desturi ambayo haimo katika mwongozo wowote wa afya, nayo ni ya mume kuyahesabu majibu ya kipimo cha virusi vya Ukimwi (VVU) aliyopewa mkewe kliniki kuwa ndiyo majibu yake mwenyewe. Mke akirudi salama, mume hupumua na kujiona amekwisha kupima. Akirudi na maambukizi, mara nyingi ndiye hushutumiwa kuwa ameleta ugonjwa nyumbani, ingawa aliyetangulia kupima si lazima awe ndiye aliyetangulia kuambukizwa.

Kitaalamu, desturi hiyo haina pa kusimama. Uwezekano wa virusi kuhama katika tendo moja la ndoa ni mdogo, ijapokuwa hupanda sana katika majuma ya mwanzo ya maambukizi au panapokuwa na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, na kwa sababu hiyo wapo wenza wengi wenye majibu tofauti, yaani mmoja anaishi na VVU na mwenzake hana, hata baada ya miaka kadhaa ya kulala kitanda kimoja. Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2012, ulihusisha jozi 4,747 za wenza wa namna hiyo, kila jozi mwanamume na mwanamke, na katika takribani jozi 6 kati ya 10 asiye na virusi alikuwa mwanamume. Utafiti huo ndio ulioonyesha kuwa dawa kinga, yaani vidonge vya kufubaza virusi vinavyomezwa kila siku na mtu ambaye hajaambukizwa, zilipunguza maambukizi mapya kwa asilimia 75 katika kundi lililopewa mchanganyiko wa dawa mbili. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine wa nchi kadhaa ulikuwa umebaini kuwa kumwanzishia dawa mapema mwenza mwenye VVU hupunguza kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Kinga hizi zote, hata hivyo, zinamtaka mwanamume ajue hali yake yeye, si ya mkewe.

Lawama ya desturi hii haiwezi kutwikwa wanaume peke yao. Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, huduma za upimaji zilikua zikifuata njia iliyokuwa wazi zaidi, nayo ni kliniki ya wajawazito, na uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa kuwa uliwaokoa watoto wengi. Mwanamume alialikwa pale kama msindikizaji. Katika baadhi ya vituo mjamzito anayefika peke yake hutakiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa inayoeleza mumewe yuko wapi, na imewahi kuripotiwa kuwa wapo wanawake waliomlipa dereva wa bodaboda akae nao kwenye benchi kama mume ili wahudumiwe haraka. Majibu ya dereva huyo yanamfaa nani? Kwa mwanamume asiye na mjamzito wa kumsindikiza, yaliyobaki ni mabango ya kumkanya dhidi ya michepuko, ambayo yana ukweli wake lakini hayamwelekezi mahali pa kwenda.

Huduma iliyomwita mwanamume kwa ajili ya mwili wake mwenyewe ni tohara ya kitabibu. Majaribio matatu yaliyofanyika Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ni kinga pungufu, isiyofuta haja ya kondomu, na haimkingi moja kwa moja mwanamke aliye upande wa pili. Mkoani Iringa, ambako tohara haikuwa mila ya wengi, kampeni ya mwaka 2010 ilipangwa miezi ya baridi, msimu ambao wenyeji huamini kidonda hupona vizuri, na katika wiki 6 walitahiriwa zaidi ya watu 10,000. Wengi wao walikuwa vijana wadogo. Mtu mzima aliona haya kupanga foleni moja na watoto wa rika la mwanawe, tena alifikiria wiki 6 za kujizuia na tendo la ndoa na siku za kibarua ambazo zingempotea.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kuwa wanaume wenye VVU walikuwa nyuma ya wanawake katika kuijua hali yao, na kampeni ya Furaha Yangu iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2018 ikawalenga hasa wao. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa kuruhusu mtu kujipima mwenyewe, kwa sharti kwamba majibu yanayoashiria maambukizi yathibitishwe kituoni. Huko Kisumu, wajawazito na wanawake waliojifungua karibuni walipopewa vipimo vya kujipima wavipeleke nyumbani, zaidi ya asilimia 90 ya wenza wao walipima, ilhali kati ya waliopelekewa barua ya mwaliko tu waliopima walikuwa takribani nusu. Mafanikio hayo ni makubwa, lakini bado yanampata mume kupitia mkoba wa mkewe, na hayamgusi mvuvi aliye mwaloni, dereva wa lori anayesubiri foleni ya mpakani Tunduma wala kibarua wa mashamba ya chai ya Njombe asiye na mke. Hao wanahitaji kipimo, kondomu na dawa kinga katika kituo kinachofunguliwa baada ya saa za kazi, na mhudumu asiyeanza kwa kuuliza mke yuko wapi.