Anayependa Hujitawala

Mama mwenye mtoto mgonjwa haamshwi na ngoma. Mtoto akilia kidogo tu usiku, mama amekwisha kuamka. Nani amemwamuru? Hakuna. Mapendo ndiyo yanayomkesheza, wala yeye hahesabu usingizi alioukosa.

Ndivyo ilivyo katika mambo ya Mungu. Anayeshika amri kwa hofu tu hutazama kama watu wanamwona. Akiwa peke yake, huziacha. Lakini anayempenda Mungu hujitawala hata gizani, kwa maana Yule ampendaye hayuko mbali naye kamwe.

Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana wa Kongo, alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Huko alifundishwa dini na Mapadri Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye alikwenda kufanya kazi Ikili, mbali na misioni. Huko hakuna aliyempigia kengele ya sala. Hata hivyo alisali rozari yake, akawafundisha wenzake kusali. Shingoni alivaa skapulari, vipande viwili vidogo vya kitambaa, alama ya mtoto wa Bikira Maria.

Msimamizi wa shamba alichukia sala hizo, akamwamuru aivue skapulari. Isidori akakataa. Mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wenye misumari, mgongo wake ukawa donda moja. Aliteseka miezi sita, akafa tarehe 15 Agosti mwaka huohuo. Alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Je, nguvu ya namna hiyo ilizaliwa siku ya mapigo? Sivyo. Ilikua polepole, kwa sala ndogo za kila siku ambazo hakuna mtu aliyezisifu. Mapendo ni moto. Sala ya kila siku ni kuni zake. Bila moto, kuni ni mzigo tu. Bila kuni, moto huzimika.

Basi, mkatekumeni aliyechoka na safari ndefu ya mafundisho asiseme: «Moyo wangu umepoa, nitasali utakapopata moto.» Achague saa moja, asubuhi kabla ya kushika jembe, aishike hata siku ya moyo baridi. Anayeweka kuni kwa uaminifu ataona moto ukiwaka tena.

Mwenye heri Isidori Bakanja, utuombee.