Jicho Likiumia, Usingoje Kupambazuke

Kibarua anamimina mfuko wa saruji, upepo unageuka, vumbi lote linamwingia machoni. Anafikicha kwa kola ya shati. Mwenzake anamwambia, "Njoo nikupulizie." Anapuliziwa, anakaa kivulini, anarudi kazini. Jioni jicho limevimba. Asubuhi anaona ukungu.

Ndugu yangu, maji yalikuwa hapo hapo kwenye pipa!

Saruji na chokaa zikilowa huwa na ukali unaoyeyusha nyama ya jicho, na ukali huo huzidi kuzama ndani hata maumivu yanapopungua. Kwa hiyo matibabu hayaanzii hospitali, yanaanzia pale uliposimama. Mlaze mwenzako, au mwinamishe kichwa upande wa jicho lililoumia. Mfungue kope kwa vidole, hata akipiga kelele, umwagie maji safi yakitokea upande wa pua kwenda nje, ili uchafu usiingie jicho la pili. Geuza kope la juu, maana ndiko chembe za chokaa zinakojificha. Usiache kumwagia kabla ya nusu saa kuisha. Nusu saa ni ndefu mkono unapochoka, pokezaneni. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Tindikali ya betri na sabuni kali, fanya vivyo hivyo. Hata swila akikutemea sumu, kimbilia maji kwanza. Nawe msimamizi wa saiti, tenga dumu moja la maji safi, asiruhusiwe mtu kulichotea zege.

Kuna jeraha moja tu ambalo hupaswi kuliosha: jicho lililotobolewa. Kipande cha chuma kimeruka kutoka kwenye grenda, mwiba umechoma, msumari umechomoka chini ya nyundo. Hapo usioshe, usikandamize, usichomoe kitu. Kata kikombe cha plastiki, funika nacho jicho bila kuligusa, mpeleke. Asile wala asinywe, huenda akahitaji upasuaji.

Lakini si kila dharura ya jicho inatoka damu. Bibi amelala chali, kichwa kinampasuka, anatapika, na nyumba nzima inasema ni malaria. Mtazame usoni: jicho moja ni jekundu, anasema taa ina duara za rangi. Hiyo huenda ni presha ya jicho iliyopanda ghafla, nayo inaweza kuua mshipa wa fahamu wa jicho kwa muda mfupi sana. Mwingine haumwi popote, ila anaona vimulimuli na madoa meusi yaliyozuka ghafla, kisha kama pazia linashuka upande mmoja. Retina inabanduka, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Akifika kwa daktari kabla pazia halijafunika katikati, nafasi ya kuokoa uwezo wake wa kuona ni kubwa. Akisema ngoja nione kesho, anaicheza bahati yake.

Na kichanga wa siku chache anayetoka usaha mwingi machoni asiachiwe hata usiku mmoja, kwani maambukizi ya aina hiyo yanaweza kutoboa kioo cha jicho. Mtoto mwenye weupe ndani ya mboni, hata kama umeuona kwenye picha ya simu tu, apelekwe wiki hiyo hiyo. Huenda ni saratani.

Nakusihi jambo moja zaidi: usilitie jicho majani, mkojo, maziwa ya mama wala matone yaliyobaki ya jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Jicho lenye kidonda, steroidi hulipunguzia wekundu huku kidonda kikizidi kulila.

Tunao madaktari wa macho. Wako KCMC kule Moshi, wako CCBRT jijini Dar es Salaam, wako hospitali ya Kikuyu nchini Kenya. Ukiwa mbali, anzia zahanati iliyo karibu, umweleze muuguzi wa zamu bila kuzunguka: "Siku ya jana niliona vizuri, leo sioni." Omba rufaa. Ukiambiwa subiri mpaka Jumatatu, omba tena. Hujamsumbua mtu. Chukua bodaboda, gonga mlango wa jirani mwenye gari, nenda usiku huu huu.