Maji ya Fukushima: Je, Kilicho Salama Ndicho Kilicho Haki?



Wapendwa vijana, tarehe 24 Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga baharini maji kutoka kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Siku hiyohiyo China ikapiga marufuku samaki wa Japani. Mitandaoni kukawa na kelele: huyu anasema bahari imetiwa sumu, yule anasema mnaogopa bure. Je, kijana Mkristo asimame wapi?

Tuanze na ukweli. Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami viliharibu kituo kile, fueli ya nyuklia ikayeyuka ndani ya vinu vitatu. Mpaka leo lazima ipozwe kwa maji, na maji ya mvua na ya ardhini nayo hupenya humo. Maji hayo huchujwa na kuwekwa kwenye matangi. Kufikia 2023 matangi yalizidi 1,000, yakiwa na tani zaidi ya milioni 1.3 za maji.

Mtambo wa kuchuja huondoa sehemu kubwa ya mionzi, ila tritiamu hubaki, kwa sababu ni aina ya haidrojeni na huwa sehemu ya maji yenyewe. Kwa hiyo maji huchanganywa na mengine ya bahari hadi tritiamu iwe chini ya bekereli 1,500 kwa lita. Kwa maji ya kunywa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 10,000. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisema mpango unafuata viwango vya usalama na athari zake ni ndogo mno. Tena vituo vya nchi nyingine, China ikiwemo, humwaga tritiamu baharini.

Basi yameisha? Hapana. Hapa ndipo swali la dhamiri linapoanza.

Mwaka 2015 serikali na kampuni ya TEPCO ziliwaahidi wavuvi wa Fukushima kwamba maji hayatamwagwa bila wahusika kuelewa na kukubali. Mwaka 2021 serikali ikaamua kumwaga. Wavuvi walikuwa bado wanapinga. Kamati za maaskofu wa Japani na Korea nazo zilipinga.

Utasema: kama maji ni salama, ridhaa ya wavuvi ya nini? Matangi yanajaa, na tetemeko lingine linaweza kuyapasua. Hoja hiyo ina uzito, tusiidharau. Lakini hofu kubwa ya mvuvi haikuwa tritiamu tu. Aliogopa samaki wake akose mnunuzi hata akiwa safi kabisa, na hilo halipimwi kwa bekereli. Serikali ilitenga yeni bilioni 80 kuwasaidia wavuvi. Ni jambo jema, ila kumlipa mtu fidia si sawa na kumsikiliza. Na mwaka 2018 kampuni ilikiri kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyokwisha kuchujwa bado ilikuwa na mionzi mingine kupita kiwango, ikabidi yachujwe tena. Ndiyo maana neno "salama" halikuingia masikioni kirahisi. Imani ikishavunjika, vipimo peke yake haviirudishi.

Papa Fransisko katika Laudato Si' anatukumbusha kwamba wenyeji wa mahali lazima wawe na nafasi mezani maamuzi ya mazingira yanapofanyika. Kwa hiyo jambo linaweza kuwa salama kwa mwili na bado likamwonea mtu, kama ahadi aliyopewa mnyonge imewekwa kando.

Ila tusiwanyooshee kidole wakubwa peke yao. Anayesambaza picha ya samaki waliokufa mahali pengine na kuandika "Fukushima hiyo" anamuumiza mvuvi yuleyule. Amri ya nane inatuhusu sote: mwenye cheo aliyetoa ahadi, na wewe mwenye simu mkononi.

Kijana mwenzangu, Yesu anatutaka tuwe watu ambao neno lao linatosha bila kiapo. Wiki hii, kabla hujasambaza ujumbe, uliza: ni kweli? Na kabla hujabadilisha ulichomwahidi mtu mdogo kuliko wewe, rudi kwanza ukae naye, umsikilize.

Ee Bwana, uliyewaita wavuvi wawe mitume wako, utufundishe kutunza bahari na kutunza neno letu. Amina.