Mita Moja ya Nyongeza

Jumapili asubuhi, kabla magari hayajaamka, barabara ya Argwings Kodhek huwa ya wakimbiaji. Wanaanzia kwenye maduka ya Hurlingham, wanapita Yaya, wanazunguka mitaa ya Kilimani, kisha wanamalizia chini ya miti ya Arboretum. Chukua watu watatu waliokimbia bega kwa bega njia nzima. Wakisimama kunyoosha misuli, kila mmoja hutazama mkono wake, na hapo kesi huanza. Wa kwanza ana kilomita 10.00. Wa pili ana 9.84. Wa tatu ana 10.21 na tayari anatembea kwa madaha. Wa pili analalamika ati saa yake inadanganya, halafu anachomoka tena peke yake, anakimbia hadi getini na kurudi mpaka namba itimie.

Tunamcheka, lakini neno alilotumia si la kupita hivi hivi. Saa inaweza kudanganya kweli? Mwongo ni mtu anayejua ukweli na kuuficha. Saa haijui ukweli wowote kuhusu Arboretum. Inachojua ni kidogo zaidi ya tunavyodhani, na ni vizuri tukijue kabla hatujaifanya hakimu.

Saa ya GPS haipimi barabara. Haioni lami, haihesabu hatua zako kwa fimbo. Inasikiliza satelaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, kila moja ikitangaza saa yake bila kupumzika. Saa ya mkononi inalinganisha muda ambao kila tangazo limechukua kufika, na kutokana na hapo inakisia umesimama wapi. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, kama mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa hivyo ucheleweshaji mdogo tu, ambao hakuna sikio la binadamu lingeugundua, unakuhamisha kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Kila sekunde au zaidi, saa inaweka nukta, inaunganisha nukta kwa mistari, inajumlisha mistari, kisha inakuambia: kilomita 9.84.

Uwanjani peupe, nukta hizo huangukia mita chache kutoka ulipo. Katikati ya magorofa ya Kilimani, au ukivuka kwenda Upper Hill, mambo hubadilika. Mawimbi yanagonga vioo na kuta, yanaruka, yanafika yamechelewa, na saa inaamini kwamba uko mbali zaidi. Ndiyo maana ukifungua ramani baadaye unajikuta umepita sebuleni kwa watu na kuruka ukuta wenye nyaya za umeme. Miti ya Arboretum nayo ina mchango wake.

Dawa zipo, na anayelalamika ajaribu kwanza. Iunganishe saa na simu mara kwa mara ili iwe na taarifa mpya za mahali satelaiti zitakapokuwa. Kabla ya kuanza, toka nje, simama mahali penye anga wazi, na usibonyeze mpaka iseme iko tayari. Usichague mpangilio wa kubana betri, kwa sababu huo huweka nukta chache na kukata kona. Kama saa yako inaweza kupokea masafa mawili ya satelaiti kwa pamoja, washa hiyo, hasa mjini. Zima kile kipengele cha kusimamisha hesabu kila unapongoja kuvuka barabara. Na mapigo ya moyo yakisoma 180 na wewe unakimbia pole pole huku ukipiga gumzo, huenda saa inasoma mdundo wa miguu yako badala ya moyo. Kaza mkanda, upandishe kidogo juu ya kifundo cha mkono, au vaa mkanda wa kifuani.

Ukifanya haya yote, namba za wale watu watatu zitakaribiana. Hazitalingana. Na hilo pengo dogo linalobaki halina fundi. Linahitaji tufikirie.

Nairobi tuna kipimo kingine cha umbali, na wageni hutucheka kwa sababu yake. Ukimuuliza mtu kando ya barabara kama Hospitali ya Kenyatta ni mbali, atakujibu, "Ah, ni hapo tu." Hapo tu inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa nusu saa. Lakini neno hilo limebeba kosa lake waziwazi. Ukilisikia unajua unafaa kujiongezea muda, kufunga viatu vizuri, na kuuliza tena mbele. Saa nayo inasema 9.84. Haisemi "kama kumi hivi". Haisemi "nilipotea kidogo pale kwenye magorofa". Desimali mbili zinatoa sauti ya mtu mwenye hakika, na sisi tumelelewa kumwamini mwenye hakika kuliko mwenye kusitasita.

Sasa watazame wanaopima barabara kwa kazi. Mbio za marathoni zinazotambuliwa kimataifa hazipimwi kwa GPS. Hupimwa kwa baiskeli. Kwenye gurudumu la mbele hufungwa kifaa kidogo cha kuhesabia mizunguko, wanakiita Jones Counter. Kilitokea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi ya Alan Jones na mwanawe Clain. Mpimaji huanza kwa kuendesha baiskeli yake kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma, ili ajue gurudumu lake siku hiyo, kwa joto hilo na upepo huo wa tairi, linahesabu mara ngapi kwa kilomita. Kisha anafuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angeweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kila kona.

Halafu anafanya jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Anaongeza mita moja kwa kila kilomita. Marathoni ni kilomita 42.195, lakini njia inayochorwa barabarani ina mita 42 hivi za ziada. Mpimaji anajua anaweza kukosea, na anajua pia kwamba kosa la upande mmoja si sawa na la upande mwingine. Njia ikiwa ndefu kidogo, mkimbiaji anapoteza sekunde chache. Ikiwa fupi hata kwa mita tano, rekodi inafutwa na jasho la mtu linageuka bure. Kwa hivyo anaweka kosa upande ambao halitamharibia mtu kazi yake.

Hoja yangu yote imo katika mita hiyo moja. Kipimo cha haki hakipatikani kwa kutokosea, maana kisichokosea hakipo. Mpimaji mwenye haki anajiuliza mapema: nikikosea, atalipa nani? Halafu anahakikisha halipi yule aliye mnyonge.

Mama wa nafaka sokoni Kawangware analijua hili bila baiskeli. Akijaza gorogoro la mahindi, haishii kwenye ukingo. Anarundika mpaka kilima kisimame juu, kisha anatupia kiganja kimoja ndani ya mfuko wako. Hiyo ni nyongeza. Hana mzani wa kukuonyesha kwamba bati lake halijabonyea chini, lakini kiganja kile kinasema: kama kuna kasoro hapa, acha iwe juu yangu. Na sote tunamjua yule mwingine, aliyeligonga gorogoro lake chini kwa nyundo ili lile mahindi ya mteja. Wote wawili wana vipimo vyenye kasoro. Ni mmoja tu ndiye mwizi.

Sheria nayo imejengwa hivyo. Mahakama hukosea, na kwa kuwa hukosea, shaka humnufaisha mshtakiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Ni mita moja ya nyongeza kwa mtu aliyesimama kizimbani peke yake mbele ya dola nzima. Na barabara hii ya wakimbiaji ina jina la mtu aliyeona nyongeza hiyo ikinyang'anywa. Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, aliwatetea washtakiwa wa Mau Mau miaka ya 1950, wakati ambapo kupatikana na risasi tu kungeweza kukupeleka kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ile. Utawala ulikuwa na haraka, na kila kosa la haraka ile lilimwangukia aliyekuwa mnyonge. Alikufa Januari 29, 1969, akiwa waziri, kwenye barabara hii hii. Taarifa rasmi ilisema ni ajali ya gari. Mpaka leo wapo wasioikubali.

Hata GPS yenyewe ina historia yake ya nani alipe kosa. Jeshi la Marekani ndilo lililoijenga, na kwa miaka mingi mawimbi ya raia yaliharibiwa makusudi ili yakosee kwa makumi ya mita, huku jeshi likibaki na yaliyo safi. Rais Bill Clinton aliamuru uharibifu huo ukome Mei 2000. Kabla ya hapo, wale watu watatu wa Arboretum wasingekuwa na desimali za kugombania.

Kuna atakayeniuliza: kwani saa hazijawahi kuwa sahihi dhidi ya wapimaji? Zimewahi, na ni haki kusema. Septemba 2021, marathoni ya Brighton kule Uingereza ilikuwa ndefu kwa mita 568. Wakimbiaji walitazama mikono yao, wakalalamika, na waandaaji wakakubali kosa. Lakini angalia ushahidi ule ulivyokuwa. Ulikuwa wa saa nyingi sana za aina mbalimbali, zote zikielekeza upande mmoja, na wenye saa walikuwa na miguu iliyosema hivyo hivyo. Saa moja ikisimama peke yake dhidi ya barabara iliyopimwa haina uzito huo. Shahidi mmoja asiyejua kusema "sina hakika" anahitaji wenzake.

Basi, mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya watu wenye pesa za kununua saa. Mita 160 za mkimbiaji wa Jumapili zinamuumiza nani? Hazimuumizi yeyote. Mwacheni akimbie hadi getini na kurudi, mazoezi ni mazoezi. Shida ni kwamba tabia tunayojifunza Jumapili tunaenda nayo kazini Jumatatu.

Jumatatu hiyo, satelaiti zile zile zinapita juu ya mtu wa boda aliyesimama nje ya Yaya na chakula cha mtu mgongoni. Simu yake inasikiliza mawimbi yale yale, yanayogonga vioo vile vile. Pini ya mteja imeangukia nyuma ya ukuta wa jengo, upande usio na geti. Anazunguka mtaa mzima, anauliza kwa askari wawili, anapanda ngazi. Mara nyingi malipo yake yanafuata umbali ambao programu imekadiria. Mzunguko aliozunguka haumo. Juu ghorofani, mteja anatazama nukta kwenye skrini, anaona imefika dakika sita zilizopita na haisongi. Kwake nukta ni ukweli, na jamaa ni mzembe. Simu inalia: "Boss, niko hapa chini lakini ramani imenileta nyuma." Jibu linalokuja ni, "Lakini naona umeshafika." Baadaye anampa nyota moja.

Linganisha na yule wa baiskeli. Kifaa chake kina kosa, na amelibeba mwenyewe kabla mbio hazijaanza. Kosa la mita mia mbili kwenye ramani limebebwa na mtu mwenye mafuta kidogo zaidi ya wote, asiye na ofisi ya kukata rufaa, na ambaye neno lake limewekwa kwenye mizani dhidi ya nukta na kuonekana jepesi. Hiyo ndiyo dhuluma ninayoizungumzia. Hakuna aliyekusudia kumwibia. Hakuna tu aliyeuliza kosa likitokea litamwangukia nani, na kosa lisilopangiwa mahali huteremka lenyewe kwa aliye chini, kama maji.

Wanaotengeneza programu hizi wanaweza kuongeza ile mita moja kwa kila kilomita, na zaidi katikati ya magorofa, kwa sababu wanajua vizuri kuliko sisi mahali mawimbi yanapopotea. Hilo ni la kudai. Lililo mikononi mwetu ni dogo zaidi na halingoji mkutano. Jamaa akipiga simu kusema yuko getini na ramani inakataa, mwamini aliye getini. Shuka ngazi ukutane naye nusu njia. Na kama umbali umekuwa mrefu kuliko ulivyoandikwa, mwongezee kitu juu ya ile bei, kama yule mama wa nafaka anavyoongeza kiganja cha mwisho bila kungoja kuombwa.