Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 17: Chakula ni changu, nikikitupa nimemkosea nani?



Ndugu zangu katika imani, kijana wetu mmoja yuko chuo, anasoma mambo ya chakula, utamaduni na utunzaji wa mazingira. Juzi baada ya tarawehe alinieleza walichosoma katika ripoti ya Umoja wa Mataifa: mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni 1 za chakula, ukihesabu na maganda na mifupa. Asilimia 60 hivi ilitoka majumbani. Si hotelini wala madukani. Majumbani kwetu.

Mwenzake darasani akamwambia: "Chakula nimenunua kwa pesa yangu. Nikikimwaga nimemkosea nani? Na nikikimaliza, mwenye njaa wa mbali atashiba?" Kijana akakosa jibu, akaniletea mimi.

Kweli, ukimaliza sahani yako hapa, wa mbali hashibi. Lakini dini yetu haikuanzia hapo. Imepokewa katika Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Sa'd israfu ya maji wakati anatawadha, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Wanachuoni wana maneno juu ya isnadi yake, ila maana yake inaafikiana na Suratul A'raf, aya ya 31, inayoturuhusu kula na kunywa na kutukataza israfu.

Sasa fikiria, mtoni nani amepunguziwa maji? Hakuna. Basi kosa si hasara ya jirani peke yake. Kosa ni kuichukulia neema kama kitu kisicho na mwenyewe. Pesa yako imekupa haki ya kula. Haikukupa umiliki wa mvua, wala udongo, wala jasho la mkulima aliyeinama kwenye mpunga miezi kadhaa. Chakula ni amana, na mwisho wa Suratut Takaathur tumeambiwa tutaulizwa juu ya neema.

Tuseme ukweli lakini: wengi hatutupi kwa dharau. Tunaogopa aibu. Mama anapika mihogo, magimbi, tambi, kaimati, maharage ya nazi na uji juu yake, ili mgeni asikute sufuria tupu. Huo ni ukarimu, na ni mzuri. Ila una mpaka. Ukarimu unaishia mdomoni mwa mtu, israfu inaishia jalalani. Sufuria ni ile ile, tofauti ni mwisho wake.

Chuoni hili wanaliita uendelevu. Bibi zetu hawakuwa na neno hilo, walikuwa na kiporo. Wali wa jana ulipashwa ukaliwa na chai, ukoko watoto waligombania, maganda ya ndizi yakaenda kwa mbuzi. Leo mtu akila kiporo anachekwa. Hapo tumetupa na elimu pia.

Kazi ya leo: kabla hujabandika sufuria, hesabu vinywa. Ukiona kimezidi, kigawe kingali kizuri, jirani apate kile ambacho wewe mwenyewe ungekila. Kitakachobaki kihifadhi vizuri, kiwe daku.

Allah atujaalie tuwe wenye kushukuru kwa ulimi na kwa sahani zetu, na atutakabalie funga zetu. Amin.